Kusoma Taarifa ya Theluji: Vipimo, Maneno na Mitego Inayomngoja Mfasiri

Msemaji wa Kiswahili aishiye Mombasa au Dodoma hana haja ya kila siku ya kujua kama theluji ya mlimani imekauka, imelowa au imeganda. Haja hiyo wanayo wenzake waliohamia Uswisi, Austria, Kanada na kaskazini ya Marekani. Huko, mzazi huletewa barua ya shule kuhusu kambi ya wiki moja mlimani, na familia huamua kila majira ya baridi kama itatumia akiba yake kwa safari ya siku mbili. Waandishi wa habari za michezo nao wamewahi kulihitaji somo hili: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018 huko Pyeongchang, na watangazaji wetu wakalazimika kueleza mchezo ambao msamiati wake haujatulia.

Kabla ya kufunga safari, mtu huyu husoma taarifa ya theluji inayotolewa na kituo anachokusudia kwenda. Taarifa hiyo ni fupi, imejaa tarakimu, na kwa mtazamo wa kwanza ni rahisi kuifasiri. Urahisi huo ni wa juu juu tu. Kila taarifa ya theluji hujibu maswali manne: theluji imepimwa wapi, imepimwa lini, ni ya aina gani, na ni nani aliyesema. Tafsiri inayoacha jibu mojawapo haipungukiwi na ladha tu; huweza kumfikisha msomaji kwenye mteremko mgumu kama sakafu ya saruji, au mahali ambapo mlima uko karibu kuporomoka. Makala haya yanapitia maswali hayo moja baada ya jingine, na kuonyesha ni wapi Kiswahili kina neno tayari, na ni wapi mfasiri anapaswa kuchagua kwa uangalifu.

Theluji, barafu, sakitu

Tuanze na majina. *Theluji* ni neno la asili ya Kiarabu, nalo hutaja chembe nyeupe za maji yaliyoganda zinazoanguka kutoka mawinguni na kutandazika ardhini. *Barafu* asili yake ni Kiajemi, na katika Kiajemi neno hilo ndilo jina la theluji yenyewe. Katika Kiswahili cha leo limehamia kwenye kitu kigumu: maji yaliyoganda kuwa bonge, kama yale ya kwenye friji. *Sakitu*, na mwenzake *jalidi*, ni umande ulioganda juu ya majani na udongo, jambo ambalo wakulima wa chai wa nyanda za juu za Kenya wanalijua kwa hasara zake.

Katika mazungumzo ya kawaida wengi huchanganya *theluji* na *barafu*, na hakuna ubaya. Hata vilele vya Kilimanjaro huelezwa kwa maneno yote mawili. Katika taarifa ya theluji, hata hivyo, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Mteremko wenye theluji huruhusu kingo za skii kuuma na kumsimamisha mchezaji. Mteremko wenye barafu haumsimamishi. Mfasiri anayeandika “mteremko umefunikwa na barafu” ilhali chanzo kinasema theluji, amegeuza siku njema kuwa siku ya kuvunjika mguu.

Historia inatukumbusha kwamba jina la kitu hiki lilileta utata hapa kwetu zamani. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro na kumwuliza kiongozi wake wa safari ni nini. Kiongozi hakuwa na jina lake. Aliuita *baridi* tu. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa kuamini kwamba theluji ingeweza kudumu karibu na ikweta. Jibu la kiongozi lilitaja kile ambacho mtu huhisi akifika pale, wala halikukosea. Ila halikutosha kumsaidia mtu aliye mbali kukata shauri, na taarifa ya theluji huandikwa kwa ajili ya mtu aliye mbali.

Neno jingine la kuamuliwa mapema ni kitenzi. Wengi huandika *kuteleza kwenye theluji*, na maelezo hayo hueleweka. Lakini *kuteleza* katika Kiswahili ni kwanza kupoteza mhimili bila kukusudia. Sentensi “wachezaji wawili waliteleza karibu na lifti” inaweza kuwa habari ya mchezo au ya ajali. Katika matini ambamo usalama unazungumzwa, ni heri kusema *kucheza skii*, na *kuteleza* kukaachiwa maana yake ya asili.

Imepimwa wapi?

Kipimo kinachotangulia katika taarifa nyingi ni *kina cha theluji*, yaani umbali kutoka uso wa theluji hadi ardhini. Neno *kina* linafaa kuliko *urefu* au *kimo*, kwa sababu mpimaji huanzia juu na kushuka, kama apimaye kisima. *Kimo* na *mwinuko* viwekwe kwa ajili ya mlima.

Kina peke yake hakisemi kitu mpaka kiambatane na mwinuko wa mahali kilipopimwa. Hali ya hewa hupoa kwa wastani wa takriban nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Chukua Zermatt, Uswisi: kijiji kiko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kituo cha juu kabisa cha magari ya kebo, Matterhorn Glacier Paradise, kiko mita 3,883. Kwa hesabu hiyo ya wastani, tofauti kati ya chini na juu inakaribia nyuzi 15. Siku ambayo kijijini kuna nyuzi 5 juu ya sifuri na mvua inanyesha, juu kunaweza kuwa na nyuzi 10 chini ya sifuri na theluji kavu. Anayeuliza “Zermatt kuna theluji?” anastahili majibu mawili.

Hapa Kiingereza huweka mtego. Neno lake *base* hutumika kwa tabaka la theluji lililotulia chini ya ile mpya, na pia kwa kituo kilicho chini ya mlima. “Sentimita 80 za *base*” na “sentimita 80 kwenye *base*” ni habari mbili tofauti. Kwa maana ya kwanza tuandike *theluji iliyotulia* au *tabaka la chini*. Kwa maana ya pili, *chini ya mlima* au *kijijini*. Ikiwa chanzo hakijulishi ni ipi, mfasiri na amwulize aliyemtuma kazi kabla ya kubahatisha.

Mtego wa pili ni *hadi*. “Kina cha hadi sentimita 120” hutaja mahali penye theluji nyingi kuliko pote na kunyamaza kuhusu mengine. Chanzo kikitoa kiwango cha chini na cha juu, vyote viwili viandikwe: “sentimita 25 kijijini, sentimita 120 kileleni”. Kikitoa kiwango cha juu tu, *hadi* libakizwe. Mfasiri asilifute kwa ajili ya ufupi, kwani neno hilo ndilo linalomwashiria msomaji kwamba kuna kilichofichwa.

Uelekeo wa mteremko nao ni sehemu ya “wapi”. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, miteremko inayotazama kaskazini hupata jua dogo na kuhifadhi theluji kwa muda mrefu. Katika nusu ya kusini ni kinyume: kwenye kituo cha Afriski, katika milima ya Maluti nchini Lesotho, kivuli kiko kwenye miteremko inayotazama kusini, na msimu wenyewe ni Juni hadi Agosti. Mwalimu anayetumia matini za Ulaya darasani awakumbushe wanafunzi kwamba “upande wa kaskazini” haubebi maana ya “upande wa baridi” kila mahali.

Imepimwa lini?

Theluji hubadilika kwa saa. Wakati wa machipuko, uso ulioyeyuka mchana huganda usiku. Alfajiri mteremko ni mgumu na unang’aa, kufikia katikati ya asubuhi umelainika kiasi cha kupendeza, na baada ya adhuhuri umekuwa rojorojo. Kwa hiyo muhuri wa saa kwenye taarifa una uzito sawa na sentimita.

Hapo ndipo hesabu yetu ya saa inapodai umakini. Taarifa iliyotolewa saa ambayo Wazungu huandika 5:00 za asubuhi ni ya saa 11 alfajiri. Mfasiri akinakili tarakimu na kuandika “saa 5:00 asubuhi”, msomaji wa Kiswahili ataelewa saa tano, karibu na adhuhuri, na atadhani mteremko uliotajwa kuwa mgumu bado ni mgumu wakati jua limekwisha panda. Kosa ni la saa sita kamili. Njia salama ni kuandika saa ya Kiswahili pamoja na kipindi chake cha siku: *saa 11 alfajiri*, *saa 2 asubuhi*, *saa 11 jioni*. Pale ambapo msomaji atalinganisha na ratiba ya lifti iliyoandikwa kwa mfumo wa saa 24, mifumo yote miwili itajwe mara moja mwanzoni.

Wakati hujitokeza pia ndani ya kitenzi. *Theluji ilianguka* ni tukio lililopita. Huenda imekwisha yeyuka. *Theluji imeanguka* hudokeza kwamba matokeo yangalipo. Msomaji wa Kiswahili huihisi tofauti hii hata asipoweza kuieleza, na ndiyo maana kiambishi *-me-* kisitumiwe kwa theluji ya wiki iliyopita. Taarifa zenyewe hutofautisha *theluji mpya*, ambayo kwa kawaida ni ile ya saa 24 zilizotangulia, na *jumla ya msimu*, ambayo ni mkusanyo wa yote yaliyoanguka tangu majira yaanze. Jumla ya msimu si kina. Theluji mpya iliyo kavu huwa na uzito wa takriban kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Ikikaa hushindiliwa na uzito wake yenyewe, ikapungua unene bila hata tone kuyeyuka. Kituo kinaweza kujisifu kwa mita sita za msimu huku mpimaji akisimama kwenye mita moja na nusu, na pande zote mbili zikawa zimesema kweli.

Kuhusu kitenzi cha tukio lenyewe, *kuanguka* na *kudondoka* vimezoeleka. *Kunyesha* hutumiwa na baadhi ya waandishi kwa theluji pia, lakini katika taarifa ya mlima ni vyema kiachiwe mvua peke yake, maana swali la kama ni mvua au theluji ndilo linaloamua safari.

Ni theluji ya aina gani?

Kwa upande huu, jiko la Kiswahili lina maneno zaidi ya tunavyodhani. Yafuatayo yanapendekezwa kwa sababu msomaji huona kitu anapoyasikia.

*Theluji ya unga* ni ile mpya, kavu na nyepesi, ambayo hupeperuka ukiipuliza. Ndiyo ipendwayo na wachezaji wazoefu, ingawa humchosha anayejifunza.

*Theluji iliyoshindiliwa* ni ile iliyopitiwa na mashine ya kusawazisha usiku na kuwa uwanja imara. Kwa mgeni, hii ndiyo habari njema kuliko zote.

*Theluji ya chenga* ni ya machipuko: punje kubwa za mviringo zilizotokana na kuyeyuka na kuganda mara nyingi. Anayejua mchele wa chenga hahitaji maelezo zaidi.

*Theluji yenye utando* ina tabaka jembamba na gumu juu, na laini chini yake. Baadhi ya wafasiri hupenda *ukoko*, na picha hiyo inavutia. Lakini ukoko wa wali hukaa chini ya chungu, ilhali huu uko juu, kama utando wa uji uliopoa. Mguu ukiupasua huzama ghafla.

*Theluji chepechepe* imejaa maji, na skii hukwama ndani yake.

*Theluji iliyoganda* imegeuka kuwa barafu au imekaribia. Taarifa za vituo mara nyingi huipa majina ya upole, kama vile “theluji imara” au “uso wa haraka”. Mfasiri hana ruhusa ya kuuondoa upole huo katika matini yenyewe, lakini anaweza kumfahamisha mteja wake.

Kisha kuna *nzito*. Katika Kiingereza theluji huitwa nzito inapoanguka kwa wingi, na pia inapokuwa imelowa. Kiswahili hakina sababu ya kurithi utata huo. Kwa wingi tuseme *theluji nyingi*, na *theluji nzito* iwe ile yenye maji, inayovunja matawi na kuchosha magoti.

Neno la mwisho hapa ni *bandia*. Theluji inayorushwa na mashine hutengenezwa kwa maji na hewa iliyoshindiliwa, katika baridi ya takriban nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri au zaidi, na hewa ikiwa kavu kazi huwa rahisi. Ni maji yaliyoganda, kama ile ya mawinguni, ila punje zake ni ndogo, za mviringo na zilizoshikana. Kuiita *theluji bandia* kunaleta dhana ya udanganyifu, kama meno bandia au noti bandia. *Theluji ya mashine* inatosha, nayo inampa msomaji jambo la kuzingatia: hudumu muda mrefu kuliko ya asili, lakini ni ngumu zaidi mtu akianguka, na mara nyingi hufunika njia tu huku pembeni kukiwa na nyasi na mawe.

Njia zilizo wazi

Baada ya kina, msomaji hutazama idadi ya njia zinazotumika. Hapa Kiswahili kina hatari yake ya ndani: *zimefungwa* na *zimefunguliwa* hutofautiana kwa herufi chache tu, huku maana zake zikiwa kinyume. Katika jedwali lililochapwa kwa haraka, kosa moja la kidole hugeuza habari yote. Inapendekezwa kutumia *ziko wazi* dhidi ya *zimefungwa*, jozi ambayo jicho haliwezi kuichanganya.

Idadi nayo iambatane na jumla: “njia 18 kati ya 40”. Na kama chanzo kinatoa kilomita, zitajwe, kwa kuwa njia 18 fupi za chini zinaweza kuwa na urefu mdogo kuliko 5 za juu. Lifti zilizo wazi pia zihesabiwe kando. Siku ya upepo mkali theluji inaweza kuwa bora na magari ya kebo yakasimama.

Rangi za njia zisibadilishwe wala zisifasiriwe kwa kiwango cha ugumu bila kutaja nchi. Uswisi na Austria, bluu ni njia rahisi. Ufaransa kuna kijani iliyo rahisi zaidi ya bluu. Marekani na Kanada, kijani ni rahisi, bluu ni ya kati, na almasi nyeusi ni ngumu. Aliyejifunza kwenye bluu ya Austria kisha akasoma “njia nyingi za bluu ziko wazi” kuhusu mlima wa Marekani, atadhani ameandaliwa mteremko wa wanafunzi.

Nani amesema?

Taarifa ya kituo huandikwa na mwenye bidhaa. Wanauchumi Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani walilichunguza jambo hili kwa kulinganisha theluji mpya iliyotangazwa na vituo na vipimo vya hali ya hewa visivyotoka kwao. Katika toleo la awali la utafiti wao, la mwaka 2009, walionyesha kwamba vituo vilitangaza theluji mpya zaidi kwa asilimia 23 siku za mwisho wa wiki kuliko siku nyingine, ilhali mawingu hayana kalenda. Utafiti huo ulichapishwa kikamilifu katika jarida la kitaalamu mwaka 2016. Waligundua pia kwamba utiaji chumvi ulipungua sana baada ya programu ya simu za iPhone kuwawezesha wachezaji kuandika hali halisi wakiwa mlimani, hasa kwenye vituo vyenye mtandao mzuri wa simu hizo.

Somo kwa mfasiri ni la kisarufi. Sentensi “kuna sentimita 30 za theluji mpya” ni dai la aliyeiandika. Ikihamishiwa kwenye gazeti au kwenye waraka wa shule, mwenye dai hupotea na mwandishi mpya huonekana kuithibitisha. Kiswahili kina zana za kumrudisha: *kwa mujibu wa kituo*, *kituo kinaripoti kwamba*, *vipimo vya mamlaka ya hali ya hewa vinaonyesha*. Zitumike. *Inasemekana* haifai, kwa sababu inaficha kile hasa tunachotaka kukidhihirisha, yaani msemaji.

Kwa msomaji anayejiamulia, njia ni kulinganisha vyanzo visivyotegemeana: taarifa ya kituo, kipimo cha idara ya hali ya hewa, kamera za moja kwa moja zinazoonyesha mteremko saa hiyo, na maneno ya wachezaji waliotoka mlimani siku hiyo. Vikikubaliana, safari na ifungwe. Visipokubaliana, kamera isiyo na mwandishi inastahili kusikilizwa kwanza.

Ngazi za hatari

Kuna sehemu moja ya taarifa ambayo kosa la neno linaweza kuua. Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilikubaliana kipimo kimoja cha hatari ya maporomoko ya theluji chenye ngazi tano. Nchini Uswisi taasisi ya SLF iliyoko Davos hutoa tahadhari hiyo katika majira ya baridi saa 11 jioni, na kwa kawaida huihuisha saa 2 asubuhi. Ngazi hizo zinahusu hasa maeneo yaliyo nje ya njia zinazosimamiwa na kituo.

Ngazi ya 3 ndiyo inayopotosha. Kwa kuwa iko katikati ya moja na tano, mfasiri huvutika kuiita *ya wastani*. Hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, *ya wastani* ni jina la ngazi ya 2. Pili, hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa; huongezeka kwa kasi kutoka ngazi moja hadi nyingine, na kwa maelezo ya SLF takriban nusu ya vifo hutokea siku za ngazi ya 3. Kijerumani na Kifaransa huipa ngazi hiyo majina yenye maana ya kitu kinachoonekana wazi na kisichopuuzika.

Pendekezo letu ni hili: 1, *hatari ndogo*; 2, *hatari ya wastani*; 3, *hatari bayana*; 4, *hatari kubwa*; 5, *hatari kubwa sana*. Neno *bayana* halimo katika mfululizo wa udogo na ukubwa, kwa hiyo msomaji hawezi kulikisia mahali pake bila tarakimu. Basi tarakimu isikosekane kamwe: *ngazi ya 3 kati ya 5*.

Mfano

Ili kuyakusanya yote, tulinganishe tafsiri mbili za taarifa moja tuliyoibuni kwa ajili ya darasa. Ya kwanza ni ya haraka:

“Theluji nzito imeanguka. Kina ni sentimita 120. Njia 18 zimefunguliwa. Taarifa ya saa 6:00 asubuhi. Hatari ya maporomoko ni ya wastani (3).”

Ya pili imejibu maswali manne:

“Kwa mujibu wa kituo, kufikia saa 12 asubuhi, Jumamosi: theluji mpya ya saa 24 zilizopita ni sentimita 15, iliyopimwa mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kina cha theluji yote ni sentimita 120 juu na sentimita 25 kijijini (mita 1,100). Juu ni theluji ya unga. Chini ya mita 1,500 ni chepechepe, kwa sababu jana ilinyesha mvua. Njia 18 kati ya 40 ziko wazi. Nje ya njia, hatari ya maporomoko ya theluji ni bayana, ngazi ya 3 kati ya 5, kwa tahadhari ya taasisi ya taifa.”

Ya pili ni ndefu zaidi ya mara mbili, na mhariri atataka kuikata. Akiikata, na aanze na kina cha jumla, kwa sababu msomaji anaweza kufanya safari njema bila kukijua. Mwinuko, saa, chanzo na ngazi ya hatari vibaki. Mwalimu anaweza kuitumia jozi hii kama zoezi: awape wanafunzi tafsiri ya kwanza peke yake, awatake waorodheshe maswali ambayo mzazi angepaswa kuuliza kabla ya kumruhusu mwanawe aende, kisha ndipo awaonyeshe ya pili.